MASHINE YA ZEGE KIJIJINI KUSIKO NA UMEME: CHAGUA HIVI USIJE UKALIA

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo tuongee zege.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema "zege linanihusu nini mimi niko zangu mjini?" Linakuhusu sana. Kila mmoja wetu ana kwao. Na simu ikipigwa kutoka kwao, kama sio msiba basi ni mchango: darasa, zahanati, tenki la maji, kanisa au msikiti, au nyumba ya wazee wenyewe. Tangu MMEM ilipoanza mwaka 2002, MMES mwaka 2004 na MMAM ya afya mwaka 2007, mtindo umekuwa ni ule ule: serikali inaleta fungu, wananchi wanasomba mchanga, kokoto na maji na kuongeza hela ya mfukoni. Yaani zege lile limebeba jasho la watu.

Sasa siku ya kumwaga zege ikifika, mashine iliyoletwa ikawa ndogo au dhaifu, unajua kinachofuata? Mfuko wa saruji unagawanywa kwa macho. Pipa likizunguka kwa shida, mtu anaongeza maji ili lilainike. Injini ikizima katikati, zege la kwanza linakauka wakati la pili halijaja. Kwa nje jengo litaonekana zuri, litapigwa na lipu na rangi. Lakini zege halisahau. Miaka michache baadaye sakafu inatoa vumbi, tenki linavuja, lenta inapasuka juu ya vichwa vya watoto.

Ndio maana nimekaa nikaandika hii. Kama dakika zako za kafe zinayoyoma, nakili haya matatu kwenye daftari, mengine utarudi kuyasoma:

- Chagua mashine inayomeza mfuko MZIMA wa saruji kwa mzunguko mmoja.
- Chagua injini ambayo ina "ndugu" kijijini, yaani fundi na spea zake ziko karibu.
- Usilete mashine kabla hujaleta maji, kokoto na watu wa kuilisha.

Waliobaki, twende taratibu.

1. KWANZA, UNAIHITAJI KWELI?

Sio kila kazi inataka mashine. Kama unamwaga zege la mashimo ya nguzo nne za banda la kuku, chepe na karai vinatosha. Zege la mkono likichanganywa vizuri ni zege halali. Masharti yake ni kwamba lichanganyiwe juu ya sakafu safi au bati, sio juu ya udongo. Mchanga na saruji vigeuzwe vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo kokoto zifuate, halafu maji kidogo kidogo. Na kanuni ya siku nyingi ya wajenzi ni kuongeza saruji kama asilimia 10 kwa zege la mkono, kwa sababu mkono hauchanganyi sawasawa kama pipa.

Mashine inaanza kuwa na maana pale kazi inapotakiwa kuisha bila kukatika: jamvi la darasa, sakafu ya tenki, nguzo na mkanda wa juu, slabu. Hapo kasi sio anasa. Saruji ikishaguswa na maji saa imeanza kuhesabu. Kwenye jua kali zege likimwagwa kando ya lenzake lililokaa zaidi ya saa moja hivi, vinaweza visishikane vizuri. Kwenye tenki, maji yatapitia hapo hapo.

2. ANZA NA MFUKO, SIO NA BEI

Watu wengi wakienda dukani wanauliza "shilingi ngapi?" Swali la kwanza linatakiwa liwe "inameza mfuko mmoja?"

Sababu ni hii. Saruji yetu inakuja kwenye mfuko wa kilo 50. Mfuko huo ni kama lita 35. Ukimwaga mfuko mzima, kipimo cha saruji hakina ubishi, hata fundi awe amechoka vipi. Ukianza kugawa nusu kwa macho, raundi moja itakuwa na saruji nyingi, inayofuata kidogo, na jengo zima litakuwa na viraka ndani yake usivyoviona.

Sasa piga hesabu ya zege la 1:2:4, ambalo ndilo linatumika sana kwenye sakafu, lenta na nguzo za majengo ya kawaida:

- Saruji mfuko 1 = lita 35
- Mchanga 2 = lita 70
- Kokoto 4 = lita 140
- Jumla = lita 245 za vitu vikavu

Ukitia maji, vitu vikavu vinashuka, kwa sababu mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto na saruji inaingia kwenye nafasi za mchanga. Lita zile 245 zinatoa zege bichi kama lita 155 tu. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya zege inakula mifuko kama sita na nusu. Hii shika, itakusaidia pia siku ukiletewa hesabu za mifuko zenye "cha juu".

Na lile zege la 1:3:6, la kulaza chini ya msingi, mfuko mmoja unafanya lita 350 za vitu vikavu. Kwa hiyo mashine inayomeza mfuko mmoja wa 1:2:4 haimezi mfuko mmoja wa 1:3:6! Ukilazimisha, kokoto zinamwagika mdomoni na zilizobaki hazichanganyiki.

3. MUUZAJI AKISEMA "LITA 350", MUULIZE LITA ZA NINI

Hapa ndipo wengi wanaliwa. Mashine ina lita za aina tatu: ujazo wa pipa lote tupu, lita za vitu vikavu inavyoweza kumeza, na lita za zege bichi inalotoa. Tofauti ni kubwa mno. Muuzaji mjanja anakutajia ile kubwa kuliko zote, au hata mwenyewe hajui.

Saizi ambazo utakutana nazo mara nyingi ni hizi:

- Ndogo, zile za mtindo wa zamani zinazoandikwa 5/3½. Namba hizo ni futi za ujazo: inameza futi 5 kavu (kama lita 140) na kutoa futi 3 na nusu bichi (kama lita 100). Hii ni ya NUSU MFUKO.

- Ya kati, 10/7. Inameza kama lita 280 kavu na kutoa kama lita 200. Hii ni ya MFUKO MMOJA wa 1:2:4, na nafasi kidogo inabaki.

- Kubwa, mfano zile za China zenye namba JZC350. Inameza lita 560 na kutoa lita 350. Hii inapiga MIFUKO MIWILI ya 1:2:4 kwa mara moja.

Zile ndogo za kusukuma kwa mkono zinazoandikwa lita 120 au 140, mara nyingi namba hiyo ni ya pipa lote. Zege linalotoka ni pungufu yake. Ni nzuri kwa ukarabati na kazi za fundi mmoja, ila usitegemee zikutolee jamvi la darasa.

Kwa ujenzi wa kijijini, ukiniuliza mimi, saizi ya 10/7 ndiyo yenyewe. Kwa nini nisiseme ile kubwa? Soma hesabu inayofuata.

4. HESABU YA DARASA MOJA

Tuseme darasa ni mita 8 kwa 7, jamvi unene sentimita 10. Hiyo ni 8 x 7 x 0.10 = mita 5.6 za ujazo. Mara mifuko 6.5 = mifuko kama 36.

Pipa likishapokea kila kitu linatakiwa lizunguke kama dakika 2. Ongeza muda wa kulisha na kumwaga, mkijipanga vizuri mnapata raundi 8 kwa saa. Nasema 8 nikijua vijana wanachoka, sio zile 15 za kwenye karatasi ya muuzaji.

- Mashine ya nusu mfuko: raundi 72, saa 9. Yaani asubuhi mpaka jioni bila kupumzika, na giza linawakuta mnalainisha.
- Mashine ya mfuko mmoja: raundi 36, saa nne na nusu. Mkianza saa 1 asubuhi, saa 6 mchana mmemaliza, jioni mnaanza kufunika na kumwagilia.
- Mashine ya mifuko miwili: raundi 18, saa mbili na robo. Tamu! Lakini subiri.

Nani anailisha? Tengeneza boksi la mbao la kupimia lenye urefu wa ndani sentimita 35, upana 25 na kina 20. Hilo ni lita 17 na nusu, nusu kamili ya mfuko wa saruji, na mtu mmoja analibeba likiwa na mchanga. Mfuko mmoja wa saruji unataka boksi 4 za mchanga na 8 za kokoto, jumla 12. Kwa raundi 8 ni boksi 96 kwa saa. Watu 6 wanaziweza, kila mmoja boksi moja kila baada ya dakika 4 hivi. Mashine ya mifuko miwili inataka boksi 192 kwa saa, watu 12 wa kulisha tu, bado wa maji, wa toroli na wa kulaza zege. Msipowapata, mashine kubwa itazunguka tupu ikichoma mafuta.

Na kama umekwama na mashine ya nusu mfuko, boksi hilo hilo ndilo mkombozi wako. Pima saruji boksi moja, mchanga mawili, kokoto manne. Usikate mfuko katikati kwa chepe ukakisia.

5. NGUVU: HAPA NDIPO UMEME UNAPOKUJA, AU UNAPOKOSEKANA

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na nguzo zimefika mbali sana tangu hapo. Lakini umeme kufika kijijini sio umeme kufika kiwanjani. Vitongoji vingi bado, na panapojengwa shule mpya au zahanati mara nyingi ni pembeni, kule ambako ardhi ilipatikana. Hata laini ikipita jirani, mara nyingi ni ya fezi moja, wakati mota za mashine nyingi kubwa zinataka fezi tatu. Uliza kabla hujabeba.

"Si tutumie jenereta?" Inawezekana, ila jua unachofanya. Mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya. Kwa hiyo mota ya kilowati 3 inataka jenereta ya mara mbili na nusu mpaka mara tatu yake, sio jenereta ya kilowati 3. Vijenereta vya kuwashia taa na TV kwenye kibanda cha mpira vitazima hapo hapo. Halafu unakuwa na injini, jenereta, waya na mota, vitu vinne vinavyoweza kuharibika badala ya kimoja. Na mafuta unapoteza njiani. Jenereta ina maana kama tayari ipo na itatumika pia kuchomelea na kukata nondo.

Sola? Ile ya taa na kuchaji simu sahau. Mashine ya mfuko mmoja inataka nguvu ambayo ukiinunulia paneli, betri na inveta, umeshamaliza hela ya saruji.

Zinabaki petroli na dizeli.

PETROLI. Injini ndogo za kuvuta kamba, za aina ya Honda GX na zile za China zilizofuata umbo lake. Ni nyepesi, zinawaka haraka, bei yake iko chini. Kwa mashine ya nusu mfuko zinatosha kabisa. Ugonjwa wake ni kabureta na plagi. Mafuta ya kwenye chupa za barabarani yana maji na uchafu, na kabureta haipendi vyote viwili. Chuja kwa kitambaa kisafi, acha yatulie, usimwage ya chini kabisa. Kazi ikiisha, funga koki ya mafuta na uache injini ijimalizie yaliyobaki kwenye kabureta.

DIZELI. Nzito, ina kelele, bei ya kununulia iko juu. Lakini inakula mafuta kidogo kwa kazi ile ile, inavumilia kuzunguka siku nzima, na nyingi zinapigwa kwa hendeli, haihitaji betri. Kwa 10/7 hii ndiyo chaguo langu, nguvu farasi 5 mpaka 8.

Sasa sikiliza siri ya mjini. Kijijini karibu kila mahali kuna mashine ya kusaga. Kule kusikofika umeme, kinu hicho kinaendeshwa na dizeli ya silinda moja: Lister na ndugu zake wa kutoka India, au zile za China za kupoza kwa maji. Tangu kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, pawatila nazo zimesambaa zikiwa na injini za ukoo huo huo wa China. Maana yake fundi yupo, nozeli zipo, ringi zipo, pale pale mnadani. Kwa hiyo kabla hujanunua mashine ya zege nenda kwa mwenye kinu, angalia injini yake ni ya aina gani, muulize spea anapata wapi. Ukichukua mashine ya zege yenye injini ya ukoo huo, umenunua na fundi juu yake. Ukichukua injini ngeni ambayo hakuna anayeijua, kikombe kimoja cha nozeli kitakusubirisha wiki mbili wakati watu wameshaacha mashamba yao kuja kujitolea.

Jambo jingine: mwinuko. Injini isiyo na taa-bo inapungukiwa hewa ukipanda mlima, inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Njombe au Makete, juu ya mita 1,900 hivi, karibu moja ya tano ya pumzi ya injini huipati. Wadau wa nyanda za juu chukueni injini kubwa kidogo kuliko ya mtu wa Kilwa.

6. PIPA LENYEWE

Kuna mapipa ya kuinamisha, ambayo mdomo mmoja unapokea na huo huo unamwaga ukizungusha usukani wa pembeni. Na kuna mapipa ya kugeuza mzunguko: likizunguka huku linachanganya, likirudi nyuma linatema. JZC350 ni ya aina hii ya pili. Kwa kijijini la kuinamisha ni rahisi, vyuma vichache, na hata injini ikizima zege likiwa ndani mnaweza kuliinamisha kwa mkono mkalikomboa. Lile la kugeuza injini ikifa, zege limefungiwa ndani na mtaingia na chepe.

Mwendo wa pipa uwe kama mizunguko 20 mpaka 25 kwa dakika. Hesabu kwa saa yako ya mkononi. Likienda mbio sana, vitu vinaganda ukutani kama nguo kwenye mashine ya kufulia, vinazunguka bila kuchanganyika. Wengine wakitaka kasi wanabadilisha puli ya injini. Usifanye hivyo.

7. NJIA YA KUFIKA

Mashine ya nusu mfuko watu wanne wanaihamisha. Ya 10/7 yenye dizeli ni nusu tani kwenda juu, nyingine inakaribia tani. JZC350 ni karibu tani 2. Jiulize: daraja la mtoni linabeba? Masika gari inafika? Ya kati inapanda kwenye Canter, au inavutwa taratibu na trekta. Zile za magurudumu ya chuma usizivute barabarani, beringi zinakufa njiani. Na mpango wa kushusha uwe tayari, mbao nene mbili na kamba, sio "tutaona huko huko".

8. KUKAGUA YA MTUMBA USIUZIWE KIMEO

Mashine nyingi zinazouzwa zimeshatumika, sio vibaya. Ila kagua hivi:

- Fika kabla muuzaji hajaiwasha. Shika injini. Ikiwa ya moto ameshaihangaikia. Omba iwashwe ikiwa ya baridi.
- Angalia moshi ikishachanganya. Wa bluu: inakula oili, ringi zimechoka. Mweusi: inabanwa, inakosa hewa au nozeli mbovu. Mweupe usioisha: mafuta hayaungui au maji yanaingia.
- Chungulia ndani ya pipa. Zege lililoganda linakula nafasi, ile mashine ya mfuko mmoja imeshageuka ya robo tatu. Gonga usikie kama bati limekuwa jembamba.
- Angalia mapanga ya ndani. Yakiisha, pipa linazungusha tu halichanganyi.
- Tazama meno ya duara kubwa linalozungusha pipa na gia ndogo inayolisukuma. Meno yaliyochongoka kama ya msumeno ni gharama inayokusubiri.
- Tikisa pipa kwa mkono. Likicheza sana beringi zimekwisha.
- Mwisho, zungusha na mzigo. Mfuko mmoja na boksi zake 12 pamoja na maji ni karibu kilo 400. Mashine inayozunguka vizuri ikiwa tupu haijathibitisha chochote. Tia hata mchanga na kokoto tu uone injini inavyopumua.

9. MAJI, MCHAWI MWENYEWE

Hakuna mashine duniani itakayokuokoa kama mkono wa maji hauna breki. Mfuko mmoja unataka kama lita 25 mpaka 30 tu, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo mpaka nusu ya nyingine. Mchanga ukiwa umenyeshewa punguza, maji yako ameshakutilia Mungu. Zege laini kama uji linapendwa na vijana kwa sababu halichoshi kulaza, lakini yale maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu, na matundu ndio udhaifu. Mweke mtu mmoja, mtu mzima mwenye msimamo, yeye tu ndiye aguse ndoo ya maji.

Lile darasa letu la mifuko 36 linataka kama lita 1,000 za kuchanganyia. Ongeza za kuoshea mashine na vifaa. Kusanyeni mapipa 8 ya lita 200 yakiwa yamejaa KABLA hendeli haijapigwa. Kina mama wasiwe wanakimbizana na ndoo kutoka kisimani wakati pipa linazunguka. Na weka akilini maji ya kumwagilia kwa siku 7 baadaye. Hayo nayo ni sehemu ya zege.

10. KUKODI AU KUNUNUA?

Shule moja haihitaji kumiliki mashine. Chukua bei ya kununua, gawanya kwa kodi ya siku moja pamoja na usafiri. Ukipata siku 60 na ujenzi wako una siku 6 za zege, jibu unalo. Wanaofaa kununua ni kikundi cha mafundi au vijana wanaozunguka vijiji kadhaa. Hiyo ni ajira kabisa, jamaa zangu tuliomaliza shule tukabaki tunazurura, hebu tuiangalie.

Ukikodi, andikishianeni: mafuta ya nani, mwendeshaji ni nani, ikiharibika katikati ya kazi nani anatengeneza na siku hiyo inalipwaje. Ijaribuni siku moja kabla. Na siku ya kazi machepe na bati la kuchanganyia viwe pembeni, ikizima mnamalizia kwa mkono mpaka sehemu ya kukatia, sio mnatazamana.

11. VIDOLE NI VYAKO

Ukipiga hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie. Injini ikirudi nyuma itateleza mkononi badala ya kukuvunja. Mkanda na gia viwe na kifuniko. Usiingize chepe wala mkono kwenye pipa linalozunguka. Kanga, shuka na mashati yanayoning'inia yakae mbali. Saruji mbichi inaunguza ngozi, vaa gambuti, sio kandambili. Watoto wa shule wanapenda kusogea kuangalia, mpe mtu kazi ya kuwazuia.

Kazi ikiisha, tia kokoto na maji, lizunguke dakika kadhaa, mwaga. Mashine inayolala na zege ndani inaamka ikiwa chuma chakavu.

Ndio hivyo wadau. Bei sijaweka makusudi, maana zinabadilika kila leo na kila mkoa una zake. Mafundi na mainjinia mlioko mikoani, mwageni uzoefu hapo chini: mnatumia injini gani, spea mnapata wapi, njia ya kwenu inapitisha gari gani. Kuna mtu atasoma maoni yako, atapiga simu kwao, na darasa litasimama miaka 40.

Naomba kuwasilisha.